Aonjaye na Ajuaye: Shampeni, Mbege na Kahawa ya Mlima Wetu



Katika arusi zetu hapa Moshi na vijijini mlimani, ipo saa ambayo mshereheshaji huwataka watu wote wasimame. Waliokabidhiwa chupa huzitikisa, kizibo huruka, povu humwagika, na vigelegele hujaa ukumbini. Tunaita jambo hilo kufungua shampeni. Saa hiyohiyo, pembeni kidogo, wazee wamekwisha kukaa wakizungukwa na mbege, wakipokezana kata, nao hawana haraka na povu la mtu yeyote. Vinywaji hivyo viwili hukutana uani kwetu kila msimu wa arusi, lakini ni mara chache tunauliza vimetoka wapi, na ni nani aliyejifunza kuvionja na kuvitofautisha.

Juma hili tumeona vema tutafakari historia ya jambo dogo liitwalo kuonja. Hatusemi habari ya kulewa, kwani hiyo ni kinyume chake. Tunasema habari ya ule ujuzi wa kupokea funda moja, kulikalisha ulimini, na kutamka kwa haki kwamba hiki ni chema, hiki ni chema zaidi, na hiki kimeharibika. Tutaona kwamba ujuzi huo umepandisha watu na kushusha watu, na kwamba juu ya mlima huu umegusa ada za shule za watoto wetu.

Shampeni ni nini hasa

Tuanze na ukweli ambao huenda ukawashangaza baadhi yenu. Chupa nyingi zinazofunguliwa katika kumbi zetu si shampeni. Ni mvinyo wenye povu kutoka nchi nyingine, au maji ya matunda yaliyotiwa gesi. Hakuna dhambi katika hilo, na wanaoepuka kileo hufanya vema kuchagua hayo ya pili. Lakini kwa sheria, jina Champagne ni la mvinyo wenye povu uliotengenezwa kwa namna maalumu, kwa zabibu zilizolimwa katika eneo moja tu la kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, kuzunguka miji ya Reims na Épernay.

Namna yenyewe ni hii. Zabibu hukamuliwa na maji yake huachwa yachachuke, yakawa mvinyo wa kawaida usio na povu. Kisha mvinyo huo hutiwa chupani pamoja na sukari kidogo na hamira, na chupa hufungwa. Ndani ya chupa uchachukaji huanza mara ya pili, na kwa kuwa gesi yake haina pa kutokea, hubaki ndani ya mvinyo. Ndiyo lile povu. Chupa hukaa ghalani katika giza na ubaridi, kwa sheria si chini ya miezi 15, na zile za mwaka mmoja maalumu si chini ya miaka 3. Mwishoni chupa huinamishwa na kugeuzwa kidogo kidogo hata machicha ya hamira yashuke shingoni, yatolewe, kisha hujaziwa mvinyo na sukari ya kiasi, na kufungwa kizibo chenye waya. Ufundi wa kuzigeuza chupa hizo ulianzia katika nyumba ya mjane, Barbe-Nicole Clicquot, aliyefiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa angali kijana, naye akaendesha biashara ile kwa akili nyingi kuliko wanaume wengi wa zama zake.

Waonjaji wa shampeni hutazama mambo machache, wala si uchawi. La kwanza ni sukari: ile iitwayo brut ina chini ya gramu 12 kwa lita, na zipo zilizo kavu kuliko hiyo na zilizo tamu mno. La pili ni aina ya zabibu, kwani zatumika hasa tatu: Chardonnay iliyo nyeupe, na Pinot noir na Meunier zilizo nyeusi. La tatu ni umri, maana iliyokaa sana juu ya hamira huanza kunukia kama mkate uliotoka tanuri. La nne ni povu lenyewe, kama ni laini au lakwaruza. Mwonjaji wa kazi huonja nyingi kwa siku moja na kutema kila funda, ili akili yake ibaki timamu hadi glasi ya mwisho.

Katika historia hiyo yumo mtawa. Dom Pierre Pérignon, Mbenediktini, alikuwa mtunza ghala wa abasia ya Hautvillers tangu mwaka 1668 hadi alipofariki mwaka 1715. Wengi husimulia kwamba yeye ndiye aliyevumbua povu. Si kweli, na katika siku zake povu lilihesabiwa kuwa kasoro, kwa maana lilipasua chupa na kumtia mtunza ghala hasara. Sifa yake ya haki ilikuwa nyingine: alisifika kwa kuonja zabibu za mashamba mbalimbali na kujua zipi zichanganywe na zipi, hata mchanganyiko ukawa bora kuliko kila shamba peke yake. Alijua shamba na alijua ladha. Tulishike neno hilo, maana tutalirudia.

Mbege na waonjaji wake

Sasa turudi nyumbani. Mbege yetu nayo ni tunda la uchachukaji, na utengenezaji wake unadai subira isiyopungua ile ya Wafaransa. Ndizi huivishwa, humenywa, na kuchemshwa kwa muda mrefu hata zibadilike rangi na kuwa nyekundu ya kahawia. Huachwa siku kadhaa zichachuke, kisha maji yake huchujwa. Upande wa pili, ulezi huloweshwa uote, hukaushwa, husagwa, na kupikwa uji. Katika kazi hiyo huingia gome la mti wa msesewe, ambalo hutoa ule uchungu unaozuia utamu wa ndizi usichukize. Uji ukipoa huchanganywa na maji ya ndizi, na baada ya usiku mmoja hivi kinywaji ki tayari. Jina lenyewe mbege katika Kichagga ni jina la ulezi, jambo linaloonyesha kwamba wazee wetu waliiona nafaka ile kuwa roho ya kinywaji.

Ulezi huo ulikuwa na heshima yake katika historia ya mlima. Ulilimwa katika mashamba yaliyomwagiliwa kwa mifongo, ile mifereji iliyochimbwa na babu zetu kutoka mitoni, ikapita kwenye miteremko kwa ustadi uliowastaajabisha wageni wa karne ya 19. Kuchimba na kutunza mfongo kulihitaji watu wengi wakubaliane, na mara nyingi mbege ilikuwa sehemu ya makubaliano hayo. Hivyo tunaweza kusema kwamba maji yalileta ulezi, ulezi ukaleta mbege, na mbege ikawakusanya watu wa kutengeneza mfongo ili maji yaendelee kuja.

Je, mbege zote ni moja? Mzee yeyote atawajibu kwa kicheko. Mbege hutofautiana kwa aina ya ndizi na jinsi zilivyoiva, kwa muda wa kuchemsha, kwa wingi wa ulezi, kwa kipimo cha msesewe, kwa maji, na zaidi ya yote kwa siku. Iliyoiva leo ni tamu na nzito; kesho utamu umepungua na ukali umepanda; keshokutwa imekuwa chachu, na mwenye busara huiacha. Watu wa Rombo, Marangu, Kilema, Kirua, Old Moshi, Uru, Kibosho na Machame kila mmoja huisifu ya kwao, na sisi hatutathubutu kutoa hukumu katika shauri hilo, maana tunapenda amani katika dekania. Lakini mwonjaji hodari huinua kata, hunusa, huangalia uzito wa ulezi unavyokaa juu, hupata funda moja, na hutaja kosa bila kuambiwa: ndizi hazikuiva, uji ulitiwa ungali moto, msesewe umezidi.

Kuonja huku kulikuwa pia sheria ya jamii. Mwenye nyumba huonja kwanza mbele ya wageni, ili kila mmoja ajue kwamba kilichomo ndani ya kata ni salama na kimetolewa kwa moyo mweupe. Mbege ilikuwamo katika mahari, katika matanga, katika kushukuru waliosaidia shambani. Aliyemkosea mwenzake alimwendea na jani la sale, na upatanisho ulipofikiwa waliketi wakanywa pamoja. Ilikuwamo pia katika matambiko ya wahenga, na kwa sababu hiyo wamisionari wa kwanza, Wakatoliki na Walutheri kwa pamoja, waliitazama kwa wasiwasi. Wasiwasi wao haukuwa wa bure, kwani pamoja na tambiko waliona pia ulevi. Hata hivyo mbege haikuondoka mlimani, nasi leo twaweza kuutenganisha mkusanyiko mwema wa ndugu na yale yasiyopatana na imani yetu.

Lipo jambo moja ambalo mbege haikulipata. Uchachukaji wake hauna mwisho ila kuharibika. Gesi ile ambayo Mfaransa aliifunga chupani, kwetu hutoka na kupotea hewani. Kwa sababu hiyo mbege haikuweza kusafiri mbali wala kungoja soko. Hunywewa pale ilipopikwa, na waliopika na wanaokunywa hujuana kwa majina. Huo ni upungufu wake wa kibiashara, nao ndio uzuri wake.

Kahawa yaingia kihambani

Mwaka 1890 Askofu Jean-Marie de Courmont pamoja na Padre Alexandre Le Roy na Padre Auguste Gommenginger, wote wa Shirika la Roho Mtakatifu, walifika Kilimanjaro, na misioni ya Kilema ikaanzishwa. Kibosho ilifuata mwaka 1893. Wamisionari hao walikuwa na kahawa tayari katika misioni yao ya Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1868. Mbegu yake ilitoka kisiwa cha Réunion, ambacho zamani kiliitwa Bourbon, na hadi leo aina hiyo ya kahawa huitwa Bourbon. Kwa desturi mwaka 1898 ndio unaotajwa kuwa mwaka kahawa ilipopandwa Kilema.

Mche ule ulikuta mahali pake. Kihamba cha Mchagga kilikuwa na migomba ya kuutia kivuli, samadi ya ng'ombe wa ndani, na maji ya mfongo. Kahawa ikaota chini ya migomba ileile iliyotoa ndizi za mbege. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilienea upesi, ingawa walowezi wa Kizungu hawakufurahi kuwaona wenyeji wakilima zao lililowaletea fedha za kujitegemea. Mwaka 1925, kwa kutiwa moyo na afisa wa serikali Charles Dundas, wakulima walianzisha chama chao, Kilimanjaro Native Planters Association, na Joseph Merinyo alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Chama hicho kilianguka kwa madeni na mashaka mengi, na mwaka 1933 kilirithiwa na KNCU, ambacho jina lake lajulikana na kila mtoto wa mlimani.

Tuseme sasa jinsi kahawa inavyoonjwa, maana wengi wetu tumeilima maisha yote bila kuiona kazi hiyo. Sampuli ya kahawa iliyokobolewa hukaangwa kiasi, husagwa, hutiwa vikombeni kwa kipimo kilekile, na kumiminiwa maji ya moto. Baada ya dakika chache unga hupanda juu na kufanya utando. Mwonjaji huinama, huupasua utando kwa kijiko huku pua yake ikiwa karibu, apate harufu ya kwanza. Kisha huondoa povu, husubiri kikombe kipoe kidogo, na huvuta kijiko kimoja kwa sauti kubwa ambayo mezani kwa mama zetu ingeitwa ukosefu wa adabu. Hufanya hivyo ili kahawa itawanyike kinywani pote. Hutema, na kwenda kikombe kinachofuata. Hutafuta uchachu ulio safi, uzito, utamu, na harufu. Kahawa ya mlima wetu husifiwa hasa kwa uchachu wake safi.

Ulimi huo huona mambo yaliyotendeka kihambani miezi mingi nyuma. Kahawa iliyochumwa mbichi husema. Kahawa iliyomenywa ikaachwa ndani ya ndoo kupita kiasi, kwa kuwa mama wa nyumbani aliitwa msibani, hunuka kama siki. Kahawa iliyokaushwa chini badala ya kichanjani huonja udongo. Kwa miaka mingi waonjaji walifanya kazi hiyo hapahapa Moshi, karibu na mnada na karibu na kiwanda cha kukoboa kilichoanzishwa mwaka 1920. Daraja walilotoa lilisaidia kuamua bei. Na mkulima, ambaye kahawa yake ilihukumiwa kwa kijiko, mara nyingi alikuwa nyumbani akinywa chai.

Mwaka 1911 na mwaka 1937

Hapa historia za sehemu mbili zilizo mbali sana zinafanana kwa namna ya kutia fikira.

Katika Champagne, mavuno ya mwaka 1910 yaliharibiwa vibaya na mvua, mvua ya mawe na ukungu. Wakulima walibaki mikono mitupu, lakini wafanyabiashara wakubwa hawakupungukiwa, kwani baadhi yao walileta zabibu na mvinyo kutoka sehemu nyingine za Ufaransa, wakatia povu, wakauza kwa jina lilelile. Mwezi Januari mwaka 1911 wakulima waliinuka. Mapipa yalipasuliwa na mvinyo ukamwagwa. Mwezi Aprili ghasia zilirudi, na katika mji wa Aÿ nyumba za wafanyabiashara zilichomwa moto hata serikali ikapeleka jeshi. Hatusifu moto huo. Lakini hoja yao ilikuwa ya haki: jina ni la wale wanaolima udongo huo. Ilichukua miaka mingi ya mabishano, na vita kati yake, hata sheria ya mwaka 1927 ikaweka mipaka ya eneo na masharti ya zabibu. Leo wakulima ndio wanaomiliki karibu asilimia 90 ya mashamba ya Champagne, na elfu kadhaa kati yao hutengeneza na kuuza chupa zenye majina yao wenyewe.

Kilimanjaro, miaka ya 1930, bei ya kahawa duniani ilianguka. Sheria ilimlazimu mkulima Mchagga kuuza kahawa yake kwa njia ya KNCU peke yake. Chama kilikuwa na meneja Mzungu, na kiliungwa mkono na serikali pamoja na mamangi. Mkulima aliona kilo zake zikiingia ghalani na fedha kidogo zikirudi, wala hakuelezwa vya kutosha kilichotokea katikati. Mwaka 1937 hasira ililipuka. Maghala ya vyama vya msingi yalishambuliwa katika sehemu mbalimbali za mlima, serikali ilitumia nguvu, na baadhi ya walioongoza walihamishwa mbali na kwao.

Zipo tofauti. Mfaransa alipigana na mfanyabiashara. Baba zetu walipigana na chama kilichoitwa chao. Na mwisho wake haukuwa mmoja. Ni haki kukiri kwamba KNCU, baada ya misukosuko hiyo, ilifanya mema mengi: shule zilijengwa, watoto walisomeshwa, na mji wa Moshi ukapata sura yake. Lakini vyama vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa katika miaka ya 1980, na baadaye soko likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Mwaka 1989 mpango wa kimataifa wa kugawa viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, bei zikaporomoka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa chini mno. Tunawajua wengi walioiacha mibuni izeeke, au walioing'oa wakapanda nyanya na mahindi. Hatuwezi kuwalaumu.

Na jina je? Huko Japani neno Kilimanjaro ni jina maarufu la kahawa. Lakini kwa kanuni za kule, jina hilo hubeba arabika iliyooshwa ya Tanzania karibu yote, isipokuwa ya Bukoba, hata ikiwa imelimwa Mbinga au Mbeya. Tena mchanganyiko waweza kuitwa wa Kilimanjaro ikiwa asilimia 30 tu ndiyo kahawa hiyo. Wakulima wa Mbinga na Mbeya ni ndugu zetu, na hatuwaonei wivu riziki yao. Tunachosema ni kwamba mpaka wa jina letu ulichorwa na wanunuzi, wakati mpaka wa jina la Champagne ulichorwa baada ya wakulima kudai haki yao mbele ya bunge la nchi yao.

Mkuu wa karamu na watumishi

Katika arusi ya Kana, Mwinjili Yohane anasimulia jambo ambalo huenda tumelisikia mara mia bila kulisimamia. Mkuu wa karamu alionja maji yaliyogeuka divai. Alikuwa mjuzi, papo hapo alitambua kwamba ile ilikuwa bora kuliko ya kwanza, akamwita bwana arusi akamwambia. Lakini hakujua imetoka wapi. Waliojua ni watumishi waliochota maji. Na Injili haituambii kwamba watumishi hao walipewa kuonja.

Wapendwa, hali hiyo ndiyo ya kahawa yetu. Yule anayeonja katika mji wa mbali anajua ubora, lakini hamjui mama wa Kilema aliyechuma punje nyekundu moja moja. Mama yule anajua kila mti na kila mfongo, lakini hajapata kuonja kahawa yake, na hivyo hawezi kubisha akiambiwa kwamba ni ya daraja la chini. Katika mbege mambo ni tofauti: anayejua na anayeonja ni mtu mmoja, ndiyo maana hakuna awezaye kumdanganya mzee kuhusu mbege. Katika Champagne, mtawa wa Hautvillers aliyaunganisha mawili hayo, na wakulima wa kizazi cha 1911 waliyagombania. Anayelima bila kujua ladha ya alicholima huuza akiwa amefumba macho.

Kwa hiyo hatuoni kuwa ni anasa mkulima akijifunza kuonja. Vikundi vinavyooshea kahawa pamoja katika mitambo ya kijiji vimegundua kwamba ubora hupanda na bei hufuata. Taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungo tangu mwaka 2001 hutoa miche inayostahimili magonjwa. Lakini mche peke yake hautoshi ikiwa vijana wetu hawajui tofauti ya kikombe safi na kikombe kilichooza. Ingefaa vyama vyetu vya msingi vikaange kahawa yao wenyewe mara moja kwa msimu, wanachama waketi, waonje, waseme. Gharama yake ni kuni na maji ya moto.

Neno juu ya kiasi

Haingekuwa uaminifu kuzungumza habari za vinywaji bila kugusa machozi ya nyumba nyingi. Tunafahamu wake wanaongoja usiku, na watoto waliofukuzwa shule kwa ajili ya fedha iliyoishia kilabuni. Mbege ina kileo kidogo kuliko mvinyo, nayo ilikuwa na adabu zake: umri, zamu, na wazee wa kukemea. Adabu hizo zilipolegea iliingia gongo, iliyo haramu kisheria, na baadaye pombe kali katika vifuko vya plastiki vilivyoitwa viroba, hata serikali ikavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Vitu hivyo havikutengenezwa ili vionjwe. Hakuna mtu aliyewahi kulinganisha ladha ya kiroba hiki na kile. Vilinyweka kwa haraka, na kusudi lilikuwa moja tu.

Hapo tunaona tofauti ya mwonjaji na mlevi. Mwonjaji hukumbuka kila funda, na mlevi hakumbuki hata la kwanza. Mwonjaji hutema au huacha ili aweze kuhukumu kwa haki. Mlevi hushindwa kuacha na huhukumiwa. Kwa wale ambao funda moja huwarudisha utumwani, kuacha kabisa ndio ushujaa wenyewe, na mtu asiwashawishi kwa kisingizio cha mila wala cha shampeni ya arusi. Chai ni kinywaji cha heshima. Na kahawa ya kihamba chako ni ya heshima zaidi.

Tunawaombeni basi mambo matatu juma hili. Vijana, waketini na bibi na babu zenu mkaandike jinsi mbege inavyopikwa kwenu, kwa kipimo na kwa majina ya ndizi, maana ulezi siku hizi huletwa kutoka mikoa mingine na msesewe hauonekani kila mahali, na ujuzi huo waweza kupotea katika kizazi kimoja. Wakulima, tengeni kilo moja ya kahawa yenu msimu huu, mkaikaange, mkainywe pamoja na watoto. Na wenye kuandaa arusi, kabla ya kutumia fedha nyingi kwa chupa yenye jina la kigeni, kumbukeni kuwapa heshima ya kwanza wale waliochota maji, waliopika na waliobeba, nao waonje.

Mwenyezi Mungu abariki vihamba vyetu na kazi ya mikono yenu. Tunawatakieni nyote Dominika njema.